Kuku na Bia Katika Furu ya Mikate



Mwezi huu, katika ukurasa wa jikoni, tunawaletea chakula ambacho wengi mmetuuliza habari zake: kuku aliyepikwa na bia ndani ya furu. Wengine wanaita tanuri, wengine oveni. Sisi tuliotoka Kivu tunasema furu, basi hapa tutaandika furu. Si chakula cha kila siku. Kuku mmoja ni pesa nyingi kwa nyumba ya mkimbizi, na chupa ya bia ni pesa nyingine juu yake. Ni chakula cha siku ya arusi, ya ubatizo, ya mtoto kufaulu mtihani, au ya kuagana.

Kabla ya kufika kwenye mapishi, tunataka kuwasimulia siku tuliyokipika kwa watu wengi. Siku ile ilitufundisha jambo ambalo sisi wenyewe, wapishi wa miaka mingi, tulikuwa tunawaambia watu vibaya.

KUKU ALIYEWEKWA KWA AJILI YA SAFARI

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kwanza, 2025. Jamaa moja ya mtaa wetu ilikuwa tayari kwenda Marekani. Mahojiano yamekwisha, daktari amekwisha kuwaona, tarehe ya ndege wamepewa. Wakauza kitanda, wakauza mbabula, wakauza sufuria mpaka sahani. Kilichobaki ndani ya nyumba ni mifuko ya safari, mikeka miwili, na kuku mmoja, mtetea mwekundu ambaye hawakukubali kumuuza. Huyo waliwawekea majirani kwa chakula cha kuagana. Vijana wa mtaa nao walikuwa wamechanga wakanunua chupa moja ya bia, ya kugonganisha vikombe, wakaileta nyumbani kwao mapema.

Halafu habari ikaja. Tarehe 20 Januari rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na amri ikaanza kazi tarehe 27. Safari za watu wengi zikafutwa, na yao pia. Jamaa waliokuwa wanahesabu siku za kuondoka wakajikuta wameketi juu ya mikeka, bila sufuria, bila sahani, na watoto wanauliza, "Sasa tunaenda lini?"

Tulikwenda kuwaona. Ndipo mama wa nyumba alipotuvuta pembeni akatuambia kwa sauti ya chini: "Mama zangu, ile chupa isilale humu ndani leo."

Tulielewa. Bwana wake alikuwa ameacha pombe miaka mitatu. Mtaa mzima unajua alivyokuwa zamani, na mtaa mzima unajua kazi aliyoifanya mpaka akaacha. Siku kama ile, moyo umevunjika na chupa iko kwenye kona, hata mtu mwenye nguvu anaweza kuanguka.

Mmoja wetu akasema tuimwage. Mwingine akasema tuirudishe dukani. Mama mmoja mzee wa Uvira akakataa. "Mutaimwaga juu ya nini? Iko na makuta ya vijana. Na kuku mutamupika lini? Tumupike leo, na bia iingie mu sufuria. Kule kwetu tulipika na Primus, hakuna mutu alilewa. Moto unamaliza pombe yote."

Nasi sote tukaitikia: ndiyo, moto unamaliza pombe yote. Tulikuwa tumelisema neno hilo maisha yetu yote.

Lakini jirani yetu mmoja, mwuguzi, alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Nani amewaambia kwamba inaisha yote?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Akatueleza mambo ambayo tutayaandika hapa chini. Alipomaliza, tukabadilisha mpango: tutapika sufuria mbili. Moja na bia, moja bila bia. Mzee wa jirani akaleta jogoo wake, maana mtetea mmoja hakuweza kutosha watu wote. Jogoo akaenda kwenye sufuria ya bia. Mtetea wa wenyewe akapikwa na thobwa, ili wenye nyumba wale kuku wao bila wasiwasi wowote. Sufuria ya bia tukaifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wake, watu wasichanganye.

Wakati wa kupakua, hatukunong'ona. Tulisema mbele ya wote: hii ina bia, hii haina. Baba wa nyumba akauliza, "Yangu ni ipi?" Tukamwonyesha. Akala, akaongeza, watoto wake wakala naye. Baadaye, tunakusanya vyombo, akatuambia neno ambalo tumelibeba mpaka leo: "Kama mngenificha, leo nisingejua. Lakini siku ningejua, ningeanza kuogopa sufuria zenu zote."

Jamaa hiyo imeturuhusu kuandika haya bila majina. Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

KUPIKA NA BIA KULITOKA WAPI?

Kule Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa, watu wanapika nyama na kuku na bia tangu zamani, kama vile wengine wanavyopika na divai. Wabelgiji walipotawala Kongo, viwanda vya bia vilifunguliwa. Kile cha Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kilianzishwa 1923, na Primus ikaanza kutoka 1926. Ndiyo sababu wazee wetu wa Kongo wanataja Primus wakisema habari za mapishi haya. Hapa Malawi bia ya kiwandani ina historia yake: 1968 Carlsberg walifungua kiwanda Blantyre, cha kwanza chao nje ya Denmark.

Kwa chakula hiki, bia inayofaa ni ile ya njano, nyepesi, isiyokuwa chungu sana. Uchungu wa bia hauondoki kwenye moto. Maji yakipungua, uchungu unazidi. Ndiyo maana tunatia vitunguu vingi na karoti, vilete utamu kidogo.

Na tuseme ukweli: bia hailainishi kuku mgumu kwa uchawi. Inaleta harufu nzuri na ladha ya nafaka iliyochomwa, pia uchachu kidogo. Kinacholainisha jogoo mzee ni muda mrefu na moto mdogo. Ile mishipa migumu inayeyuka polepole na kufanya mchuzi uwe mzito. Ukiharakisha moto, nyama inakauka na kuwa kama kamba.

MAHITAJI (WATU 6 MPAKA 8)

– Kuku mmoja wa kienyeji, kama kilo 1 na nusu, akatwe vipande 10 au 12
– Chupa ndogo moja ya bia ya njano, mililita 330
– Vitunguu vikubwa 3
– Nyanya 4 zilizoiva
– Karoti 2
– Vitunguu saumu punje 4, na tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba
– Mafuta vijiko vikubwa 3
– Chumvi vijiko vidogo 2
– Unga wa ngano kijiko kikubwa 1
– Viazi 6, ukiwa navyo
– Pilipili moja nzima, isipasuliwe, kwa wanaopenda harufu bila ukali

Usipokuwa na karoti, acha. Usipokuwa na tangawizi, acha. Vitunguu na chumvi usiache.

NAMNA YA KUPIKA

1. Paka vipande vya kuku chumvi, saumu na tangawizi iliyotwangwa. Funika, acha saa 1 mahali pa baridi. Kama kuna joto kali, usizidishe hapo.

2. Weka sufuria nzito kwenye mbabula, tia mafuta. Kaanga vipande vichache vichache mpaka vibadilike rangi pande zote. Usijaze sufuria, maana vipande vikibanana vinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Toa, weka pembeni kwenye chombo safi.

3. Katika mafuta yaleyale kaanga vitunguu polepole, kama dakika 10, mpaka vilainike na kuwa vya rangi ya dhahabu. Hapo usiwe na haraka, ndipo utamu wa mchuzi unapotoka. Tia unga wa ngano, koroga dakika 1. Tia nyanya na karoti.

4. Toa sufuria kidogo pembeni ya moto, kisha mimina bia polepole. Itatoa povu nyingi, usiogope. Kwangua chini ya sufuria kwa mwiko, yale yaliyogandia yaingie kwenye mchuzi. Rudisha motoni, acha wazi ichemke dakika 5.

5. Rudisha kuku. Mchuzi ufike nusu ya vipande. Ukipungua ongeza maji. Weka pilipili juu. Funika. Kama kifuniko hakikai vizuri, kanda unga kidogo na maji, uufanye kama kamba, uuzungushe kwenye ukingo. Mvuke hautatoka.

6. Peleka kwenye furu. Kuku wa kienyeji anataka saa 2 mpaka saa 2 na nusu. Kuku wa kisasa, yule broila, anatosha saa 1, ukimwacha zaidi atavunjikavunjika.

7. Zikibaki dakika 45, fungua, weka viazi, onja chumvi, angalia kama mchuzi upo. Dakika 15 za mwisho acha wazi, ili juu paive na kuwa na rangi.

Kujua kama ameiva: choma paja mahali penye nyama nene. Maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe na damu, na nyama karibu na mfupa isiwe na rangi ya waridi. Mwenye kipimajoto, ndani ya nyama ifike digrii 74. Kuku wa kienyeji anakuambia mwenyewe: nyama inaachana na mfupa ukivuta kidogo.

Kula na bugali, wali, ndizi au mkate. Mchuzi wake unapenda mkate.

FURU TUTAIPATA WAPI?

Hapa ndipo wengi mnapotucheka: "Oveni ya mkimbizi iko wapi?" Iko kwa mwokaji wa mikate. Furu ya udongo inawashwa kuni alfajiri mpaka kuta zake zinashika moto. Makaa yanaondolewa, mikate inaingia. Mikate ikitoka, ile joto bado imo ndani ya udongo kwa masaa mengi, na inapotea bure. Moto mkali wa mikate umekwisha. Unaobaki ni moto wa wastani unaoshuka polepole, na huo ndio moto anaoutaka kuku mgumu.

Siku ile mwokaji wetu alitoa mikate saa 4 asubuhi. Alirusha unga kidogo kwenye sakafu ya furu. Ukawa mweusi mara moja. Akasema, "Bado." Tukangoja karibu saa nzima. Aliporusha tena, unga ukabadilika rangi polepole, kama chai ya maziwa. Akasema, "Sasa leteni." Sufuria zikaingia, mlango ukazibwa kwa bati na udongo mbichi. Saa 7 na nusu mchana tulifungua, na harufu ikaita watoto wa mtaa mzima.

Mnajua wenyewe bei ya makala, na mnajua jinsi miti ilivyobaki mbali na kambi. Sufuria moja ya kuku mgumu kwenye mbabula kwa saa 2 na nusu inakula makala mengi. Kwenye furu ile ziliingia sufuria zetu mbili na za majirani wengine wanne, wenye maharagwe na viazi vitamu, wala hakuna aliyeongeza hata ukuni mmoja. Zungumzeni na mwokaji wa mtaa wenu. Mpeni sahani ya chakula au pesa kidogo. Yeye anafaidika na nyinyi mnafaidika.

Ukikosa mwokaji, fanya furu ya sufuria. Tafuta sufuria nzito yenye kifuniko cha bati kilicho bapa. Weka makala machache chini, na mengi zaidi juu ya kifuniko. Kama una makala 15 yanayowaka, weka 5 chini na 10 juu. Fanya kazi hiyo nje, au mahali penye hewa nyingi. Makala ndani ya nyumba iliyofungwa yanaua watu. Watoto wakae mbali, na kifuniko kiinuliwe kwa koleo.

JE, POMBE INAISHA?

Hapa ndipo tulipokosea miaka yote. Jirani yetu mwuguzi alitueleza kwamba watafiti wa Marekani walipima jambo hili 1992. Walipika vyakula vyenye pombe, wakapima kilichobaki. Hesabu zinazotumiwa kutokana na kazi hiyo, kwa chakula kinachochemka au kuokwa pombe ikiwa imechanganywa ndani, ni hizi:

– Baada ya dakika 15, inabaki kama asilimia 40
– Baada ya dakika 30, asilimia 35
– Baada ya saa 1, asilimia 25
– Baada ya saa 2, asilimia 10
– Baada ya saa 2 na nusu, asilimia 5

Tazameni vizuri. Hakuna penye sifuri. Na sufuria iliyozibwa sana inashika pombe kuliko ile iliyo wazi, sababu mvuke haupati njia. Ndiyo maana tunachemsha wazi dakika 5 kwanza, na kuacha wazi dakika 15 mwishoni.

Sasa tupige hesabu ya chupa yetu. Mililita 330 za bia yenye asilimia 5 zina pombe tupu kama mililita 16 na nusu, yaani vijiko vidogo vitatu na kidogo. Baada ya saa 1 zinabaki kama mililita 4. Baada ya saa 2 na nusu inabaki chini ya mililita 1 kwenye sufuria nzima, na hiyo inagawanywa kwa watu 8. Mtu mzima mwenye afya hawezi kulewa kwa hiyo, na mama wa Uvira hakudanganya aliposema hakuna aliyelewa.

Lakini kulewa siyo swali pekee. Kuna watu ambao kwao swali si kipimo:

Aliyeacha pombe. Kwake hata harufu na ladha zinaweza kuamsha kiu ya zamani. Usimjaribu, wala usimfiche.

Mama mjamzito na watoto wadogo. Hao wapewe sufuria isiyo na bia. Kuku ni yuleyule, hawakosi kitu.

Mwenye dini inayokataza. Majirani zetu Waislamu, na ndugu wengi wa makanisa yanayokataza pombe, hawali. Kumwambia "imeshaisha" si heshima. Uamuzi ni wake, si wa mpishi. Kwa Mwislamu angalieni pia nani amechinja.

Anayemeza dawa ambazo ameambiwa asichanganye na pombe. Aulize kituo cha afya, au ale ile nyingine.

SUFURIA YA PILI: KUKU NA THOBWA

Thobwa wenyeji wetu Wamalawi wanaijua sana, na wale kati yetu waliopita Tanzania wanaiita togwa. Ni uji mwembamba wa mahindi uliotiwa kimea cha mtama au ulezi, unakuwa mtamu na mchachu kidogo. Kwa kuwa una kimea kama bia, unaleta ladha inayokaribia sana. Watu wengine siku ile hawakujua tofauti mpaka walipotazama kitambaa chekundu.

Fanya kila kitu kama juu, lakini badala ya bia tia kikombe 1 na nusu cha thobwa iliyochujwa. Ongeza nusu kikombe cha maji, maana thobwa ni nzito na inagandia chini. Usitie unga wa ngano. Kamulia nusu limao mwishoni. Thobwa iwe mbichi, ya siku ileile. Ikikaa siku nyingi inaendelea kuchacha na kuanza kuwa na pombe, na hapo utakuwa umerudi ulipotoka.

Mwiko wa sufuria ya bia usiingie kwenye sufuria ya pili. Ni jambo dogo, lakini ndilo linalofanya neno lako liaminike.

MAMBO YA KUKATAZA

Usipike kamwe na kachasu, lutuku wala kanyanga. Pombe hizo za kuchemshwa nyumbani ni kali sana, zinaweza kushika moto mbele ya uso wako ukizimimina kwenye sufuria ya moto, na hakuna anayejua kilichomo ndani. Zimepofusha watu na kuwaua watu.

Usipike kuku aliyekufa mwenyewe, hata kama unamwonea uchungu. Mzike au mchome moto. Kuku wakianza kufa mmoja baada ya mwingine, mwambieni mtu wa mifugo mapema.

Kisu na ubao wa kuku mbichi usikatie nyanya wala mboga za kula mbichi. Nawa mikono kwa sabuni. Ukiosha kuku, osha ndani ya beseni polepole, maji yasirukie vyombo.

Chakula kikibaki, kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto. Ukikila tena jioni, kichemke kabisa mpaka kitoe mapovu, siyo kupasha tu.

Na la mwisho kwa akina baba, mtusamehe. Chupa moja ndani ya sufuria imelisha watu wanane. Chupa moja kwenye baa imelisha mmoja, na nyumbani wamelala na uji. Hatusemi zaidi.

KABLA HATUJAAGANA

Jamaa tuliyowasimulia bado ni majirani zetu. Siku ile, baada ya kula, tulitaka kubeba sufuria zetu turudi nazo. Mama wa Uvira akasema, "Ile ya thobwa muiache." Wakaachiwa sufuria ile, na kesho yake mwingine akaleta sahani nne, mwingine mbabula iliyovunjika mguu lakini inawaka. Mfupa wa mtetea mwekundu ulichemshwa tena jioni, watoto wakanywa mchuzi.

Hatukuweza kuwarudishia safari. Tuliweza kuwapikia, na kuwaambia ukweli wa kilichomo ndani ya sufuria. Mkipika kuku huyu nyumbani kwenu, kabla ya kupakua, simameni mseme kwa sauti: hii ina bia, hii haina. Halafu kila mtu ale kwa amani.

Wenye mapishi ya kwao, Burundi, Rwanda, Kongo au kwingine, tuleteeni kwa mkono kama kawaida. Mwezi ujao tutaandika juu ya sombe isiyo na uchungu, na namna ya kuipika kwa makala machache.

Mbaki salama, na jiko lenu lisizimike.